Dawa za sonona kwa wazee: ipi hushusha sodiamu, ipi ina nafuu

Kwenye kaunta za dawa hapa Nairobi, iwe Umoja au Kawangware, swali huja vile vile: "Daktari, kati ya hizi ipi haitamsumbua mama?" Karatasi ya hospitali ina sertralini, jirani amesifu mirtazapini, na nyumbani kuna amitriptilini iliyobaki tangu mgongo ulipouma. Mimi ni mfamasia, na huwa najibu kwa kuuliza: mama anameza dawa gani ya presha? Kwa mtu aliyepita miaka 65, dawa ya sonona huchaguliwa baada ya kuzijua zile anazomeza tayari, na sababu kubwa ya kufanya hivyo ni sodiamu.

Sodiamu ya damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Dawa nyingi za sonona huongeza nguvu ya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, nayo huweza kuuchochea ubongo kumwaga homoni inayoziamuru figo zishike maji. Mkojo unakuwa mchache na mzito, maji yanabaki mwilini, na sodiamu inazimuliwa. Ni kama supu iliyoongezwa maji: chumvi ni ile ile, ladha imepotea. Ndiyo maana kumzidishia mzee chumvi kwenye sukuma wiki si tiba ya tatizo hili, na kumshikilia anywe glasi nane za maji kila siku kunaweza kulikuza.

Kinachoniudhi katika jambo hili ni jinsi dalili zake zinavyojificha nyuma ya ugonjwa unaotibiwa. Mzee anachoka, kichwa kinamgonga, chakula hakitamani, anasahau sahau, anayumba akienda msalani. Familia inasema dawa haijashika. Dozi inaongezwa, na sodiamu inazidi kuteremka. Wengine husema ni uzee, wengine wanakimbilia kupima malaria au maambukizi ya njia ya mkojo. Huenda kweli yapo, lakini mtu ambaye wiki mbili zilizopita hakuwa hivyo, na wiki mbili zilizopita ndipo alipoanza dawa mpya, apimwe sodiamu kabla ya mengine yote.

Anza na pakiti ya presha

Mjukuu mmoja alileta karatasi ya nyanya yake, imeandikwa esitalopramu, dawa ya sonona. Nikamwambia arudi na kila kitu ambacho mzee anameza, hata cha mwezi uliopita. Akarudi na bahasha za kaki, akazipanga kwenye kioo cha kaunta.

"Ni presha tu na asidi, daktari. Na hii ya magoti."

"Hii ya presha, hebu nisomee jina mpaka mwisho."

"Losatani... halafu kuna H."

"Hiyo H ndiyo niliyokuwa naitafuta. Shosho ni mwembamba au ana mwili?"

"Ni mwembamba. Siku hizi anakunywa chai na mkate, basi."

H ile ni hidroklorothiazidi, dawa ya kukojoa iliyotiwa ndani ya tembe moja na losatani. Kwa presha ni dawa nzuri, tena ya bei ya chini, na sina ugomvi nayo. Lakini hata ikiwa peke yake inaweza kushusha sodiamu, na wanaoathirika zaidi ni wanawake wazee wenye miili midogo. Ikikutana na dawa ya sonona, mwili mmoja unabanwa kutoka pande mbili. Klorthalidoni na indapamidi ni ndugu zake. Na ile chai na mkate si jambo dogo: figo zinahitaji protini na chumvi kutoka kwenye chakula ili ziweze kutoa maji ya ziada. Anayeishi kwa chai, uji na mkate hana akiba hiyo.

Katika bahasha zile kulikuwa na mengine mawili. Omeprazoli, ile ya asidi, ambayo mara chache hushusha sodiamu yenyewe, na pia hulichelewesha ini kuvunja esitalopramu na sitalopramu, kwa hiyo kiasi cha dawa damuni kinapanda bila mtu kuongeza tembe. Na diklofenaki, ile ya magoti, ambayo huipa nguvu ile homoni ya kushika maji, na ikiambatana na dawa za kundi la sertralini huongeza uwezekano wa tumbo kutoka damu. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, ingekuwepo, ningeshtuka zaidi. Nayo hushusha sodiamu, tena ikichanganywa na kundi hilo inaweza kuleta degedege.

Kwa hiyo ulinganisho wa kwanza hauhusu dawa mbili za sonona. Uko hivi: je, abaki na H kisha atafutiwe dawa ya sonona yenye hatari ndogo, au H iondolewe na apewe dawa ya sonona ambayo daktari aliitaka tangu mwanzo? Mimi naegemea ya pili, kwa sababu dawa za presha ziko nyingi. Losatani bila H ipo. Amlodipini haishushi sodiamu. Kero yake ni kuvimba miguu. Tatizo ni kwamba mtu akivimba miguu kwa amlodipini huandikiwa dawa ya kukojoa ili uvimbe upungue, na hapo tumerudi tulikotoka. Uamuzi huu ni wa daktari, usiufanye nyumbani. Kuacha dawa ya presha ghafla kunaweza kuleta kiharusi, na kiharusi ni kibaya kuliko chochote kilichoandikwa hapa.

Sertralini na wenzake dhidi ya mirtazapini

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Upande mmoja kuna sertralini, sitalopramu, esitalopramu, fluoksetini na paroksetini, ambazo hufanya kazi kwa kubakiza serotonini ubongoni. Upande wa pili kuna mirtazapini, inayopita njia nyingine.

Kwa sodiamu peke yake, mirtazapini inashinda. Haimaanishi kwamba haiishushi kabisa; Chama cha Madaktari wa Wazee cha Marekani, katika orodha yake ya dawa za kutumiwa kwa tahadhari kwa wazee, kimeiweka pamoja na nyingine na kushauri sodiamu ipimwe. Lakini tafiti nyingi zinaiona chini ya kundi la sertralini. Utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2016 uliangalia wiki mbili za mwanzo za matibabu, na sitalopramu ndiyo iliyoonekana mbaya kupita zote.

Ila mzee si sodiamu tu. Mirtazapini huleta usingizi na hamu ya kula. Kwa shosho wa chai na mkate, anayelala saa tatu usiku na kukesha kuanzia saa nane, aliyepungua hadi gauni linamning'inia, hizo ni baraka mbili ndani ya tembe moja. Kwa mzee mwenye kisukari, kilo nyingi na sukari isiyotulia, ni mzigo. Usingizi wake nao una upande wa pili: anayeamka usiku kwenda chooni cha nje ya nyumba, gizani, anaweza kuanguka. Ajabu yake ni kwamba dozi ndogo mara nyingi hulaza zaidi kuliko kubwa, kwa hiyo mtu asiseme "tuanze na nusu ili asilale sana".

Ndani ya kundi la sertralini kwenyewe kuna tofauti, na hapa watu hudhani zote ni sawa. Sertralini ndiyo ninayoona madaktari wengi wanaianzia kwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo. Ilijaribiwa kwa wagonjwa waliotoka kupata mshtuko wa moyo, na haigombani na dawa nyingine kwa kiwango cha fluoksetini au paroksetini. Kwa sitalopramu, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba aliyepita miaka 60 asizidishe miligramu 20 kwa siku, kwa sababu ya mapigo ya moyo. Esitalopramu kwa wazee kwa kawaida huishia miligramu 10. Paroksetini ningeiacha kabisa kwa mzee: inakausha mdomo, inavuruga kumbukumbu, na kuiachisha ni shida.

Fluoksetini inahitaji maneno yake. Ni dawa ya bei nafuu, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi, na ndiyo inayopatikana kwa urahisi hata pale ambapo nyingine zimeisha. Lakini inakaa mwilini muda mrefu mno. Mabaki yake huendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa baada ya tembe ya mwisho. Sodiamu ikishuka kwa sertralini, ukiacha dawa hiyo inaondoka mwilini ndani ya siku chache. Ikishuka kwa fluoksetini, umeshaiacha dawa na bado iko mwilini. Kwa kijana, kukawia huko ni faida, maana hata akisahau dozi hasumbuki. Kwa mtu wa miaka 78 naiona ni hatari isiyo na sababu kama sertralini inapatikana.

Venlafaksini na duloksetini

Kwa sodiamu ziko kundi moja na sertralini, usitarajie unafuu. Venlafaksini huweza kupandisha presha, na mzee akikosa dozi moja anahisi kizunguzungu na umeme kichwani. Sioni kwa nini mtu aanze nayo. Duloksetini ina kazi moja ambayo wenzake hawaiwezi vizuri: maumivu ya neva, yale ya nyayo kuwaka moto kwa wenye kisukari. Mzee mwenye sonona na nyayo zinazowaka anaweza kutibiwa mawili kwa tembe moja, mradi apimwe damu na figo zake ziwe nzima.

Amitriptilini iliyobaki kwenye droo

Hii ndiyo ninayoigombania zaidi, kwa kuwa kila nyumba inayo na inaonekana haina madhara. Alipewa mama kwa ajili ya mgongo, miligramu 10 au 25 usiku, akalala vizuri. Sasa baba amefiwa na haongei, basi ampe hiyo hiyo.

Kwenye sodiamu, kundi la amitriptilini lina hatari ndogo kidogo kuliko sertralini. Ukisoma hapo tu utadhani imeshinda. Sasa angalia upande wa pili. Mdomo unakauka, mzee anakunywa maji kutwa kucha, na maji ni yale tuliyokuwa tukiyakwepa. Choo kinafunga. Mwenye tezi dume anaweza kushindwa kukojoa kabisa hadi awekewe mpira. Mwenye presha ya macho anazidishiwa. Akisimama ghafla presha inashuka na anaanguka, kumbukumbu inatibuka, na moyo wenye hitilafu ya mapigo unaweza kuvurugika. Zaidi ya hayo, miligramu 10 zinazotuliza maumivu hazitoshi kutibu sonona, na kiasi kinachotosha ndicho kinacholeta haya yote. Na katika nyumba yenye mtu aliyekata tamaa ya kuishi, pakiti nzima ya dawa hii ni ya kufungiwa, maana ikizidishwa huua kwa moyo.

Bupropioni nayo hushusha sodiamu mara chache, kwa sababu haipiti njia ya serotonini. Haifai kwa aliyewahi kuwa na kifafa au degedege, na sodiamu iliyoshuka sana yenyewe huleta degedege. Iachiwe daktari wa akili.

Kabla ya tembe yoyote

Sonona nyepesi haihitaji kuanzia kwenye dawa. Mazungumzo ya tiba na mshauri aliyesomea, mara kadhaa, pamoja na kurudishwa taratibu kwenye shughuli zake, hayashushi sodiamu ya mtu. Mama aliyeacha kwenda chama na kanisani tangu mumewe afariki anaweza kuhitaji mtu wa kumfuata Alhamisi kabla hajahitaji sertralini. Lakini nisieleweke vibaya: mzee asiyekula, asiyelala, anayesema afadhali Mungu amchukue, huyo ni wa dawa na daktari, na hatari ya sodiamu si sababu ya kumnyima. Sonona isiyotibiwa huua wazee pia.

Kipimo kinachoamua

Uchaguzi wowote utakaofanywa, kipimo ni kile kile. Hospitalini hapa wanakiita UEC, damu ya figo na chumvi zake, na maabara nyingi za Nairobi hutoa majibu siku hiyo hiyo. Kipimwe kabla ya tembe ya kwanza, kisha baada ya wiki mbili, kisha baada ya wiki nne. Kushuka kwingi hutokea ndani ya mwezi wa kwanza, ndiyo maana miadi ya "rudi baada ya miezi mitatu" haitoshi kwa mzee. Kirudiwe dozi ikiongezwa, au dawa mpya ya presha ikiingia, au akiharisha na kutapika siku mbili.

Kile cha kwanza ndicho watu wanachokiruka ili kuokoa pesa. Bila hicho, ukipata 131 baada ya wiki mbili hujui kama dawa ndiyo iliyomtoa 140 au alikuwa 132 tangu mwaka jana kwa sababu ya H. Na aliyeanza na 133 asianzishwe kundi la sertralini mpaka ijulikane sababu.

Kusoma majibu si kazi ngumu. Kati ya 130 na 134 ni kushuka kidogo. Daktari aambiwe, dawa ziangaliwe upya, kipimo kirudiwe baada ya siku chache. Msidharau kiwango hiki kwa sababu mzee anaongea vizuri: hata hapo kuyumba na kuanguka huongezeka, na nyonga ikivunjika katika umri huo maisha hubadilika. Kati ya 125 na 129, mpigieni daktari siku hiyo hiyo. Chini ya 125, au namba yoyote ikiambatana na kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo, usingizi usioamshika au degedege, ni hospitali kubwa sasa hivi. Kenyatta au nyingine yenye chumba cha wagonjwa mahututi, si zahanati ya mtaani.

Nasema si zahanati ya mtaani kwa sababu maalumu. Mzee dhaifu akifika huko, jambo la kwanza mara nyingi ni kutundikiwa drip. Katika hali hii drip ya glukosi ni maji matupu kwa mwili, na hata ile ya kawaida ya chumvi inaweza kuiteremsha sodiamu zaidi, kwa kuwa figo hutoa chumvi na kubakiza maji. Wanaojua hupunguza maji anayokunywa, mara nyingi yasizidi lita moja kwa siku, na husimamisha dawa iliyosababisha. Kwa hali mbaya hutumia maji ya chumvi yenye nguvu ya asilimia 3 huku wakipima damu kila baada ya saa chache, maana sodiamu ikipandishwa haraka mno, zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, ubongo unaweza kujeruhiwa usipone.

Dawa ikishasimamishwa, sodiamu kwa kawaida hurudi ndani ya siku hadi wiki mbili. Hapo sonona bado ipo, na swali la kuchagua linarudi. Usimpeleke kutoka sitalopramu kwenda sertralini ukidhani umebadilisha kitu. Ni kundi lile lile na linaweza kurudia. Hapa mirtazapini inapata nafasi yake hata kwa mtu mwenye kilo, na kipimo cha wiki mbili kinaanza upya.

Aliyezoea dawa tayari

Kuna wanaosoma haya wakiwa na mzazi anayemeza sertralini mwaka wa tatu sasa, anacheka, anakula, anabishana na wajukuu kuhusu rimoti. Msimwachishe. Hatari kubwa ilikuwa mwezi wa kwanza na aliupita. Apimwe UEC mara moja kama hajapimwa muda mrefu, ikiwa sawa aendelee. Jambo la kuangalia ni siku atakayobadilishiwa dawa za presha kwenye kliniki nyingine ambako hawajui kuhusu sertralini. Piga picha pakiti zake zote kwa simu, mbele na nyuma, na mwenye kumpeleka aionyeshe kabla karatasi mpya haijaandikwa. Kama kuna H imeongezeka, amwambie daktari hapo hapo na aombe tarehe ya kipimo baada ya wiki mbili.